Ombi la Kuondoa Mfumo Niliouomba Mimi Mwenyewe

Kwa Mkurugenzi, Dada yangu Mwanahija,
Lindi.

Shikamoo dada. Sisi huku Kilwa Masoko wazima, alhamdulillahi, na malori yanatembea. Kinachonisumbua ni jinsi yanavyotembea.

Utakumbuka ni mimi niliyesimama kwenye kikao cha familia nikasema kampuni ya usafirishaji isiyo na mfumo wa kompyuta itakufa. Nilisema mfumo utapunguza hasara, utavuta wateja, na kila mtu ataona kila kitu. Sikufikiri kwamba "kila mtu" ni pamoja na wewe. Kwa heshima naomba mfumo huo uondolewe, kwa sababu hizi:

1. Mfumo umenishushia hadhi kwa wateja. Zamani mteja akiulizia mzigo wake, nilimwambia uko njiani, yakaisha. Juzi Mzee Dominick alitazama simu yake, akaniambia taratibu: "Meneja, korosho zangu bado ziko Likawage. Hapa imeandikwa lori linasubiri uidhinishe dizeli."

2. Kuidhinisha kwenyewe siwezi. Nimesahau nenosiri. Kumwuliza Batuli wa ghalani naona haya, maana semina ya nenosiri niliiendesha mimi. Basi alipoomba maturubai ya kufunika ufuta wa watu kule Rutamba, ombi lilikaa kwangu mpaka wingu likatanda. Ikabidi akaazime maturubai ya arusini. Ufuta ulipona, mimi, kwenye ripoti, sikupona.

3. Hili ndilo lililoniuma. Nilipokwenda mazikoni Rondo, idhini zote zilihamia kwa Batuli, na mizigo yote ikatoka kwa wakati. Mfumo ukachora mstari wa kijani, ukapanda vizuri hadi siku niliyorudi. Mashine gani hii isiyojua kumsubiri mfiwa?

Kama kuuondoa ni vigumu, basi tununue mfumo wa pili wa kuusimamia huu wa kwanza, nami niwe mkuu wake. Faida yake nitaieleza kikaoni.

Nisalimie shemeji, Naima na wote wa hapo nyumbani. Wa huku wanakusalimu, akiwemo Batuli, ambaye hajui naandika nini.

Mdogo wako mtiifu,
Shaaban Likwata
Meneja, kwa sasa

Tanbihi: Ili nipate utulivu wa kuandika, jana nilimpigia fundi wa mfumo simu amhamishie Batuli idhini zote. Mizigo yote imetoka, ghala limebaki tupu, wateja wapya wamekuja, nami leo nimekula chakula cha mchana nyumbani. Usiuondoe mfumo, dada. Mpe Batuli kiti changu, mimi nitafutie kazi ya kupokea wageni. Mke wangu ameniuliza kwa upole kama nimefukuzwa. Nimemwambia bado, ombi linasubiri idhini yako.