Uzio wa Kumzuia Kaka

Kwa Shangazi yangu mheshimiwa, mgawaji wa mali za marehemu baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na unaweza kukaa kitako uisome barua hii mpaka mwisho.

KUHUSU: KAKA KUNISAIDIA BILA IDHINI YANGU

Utakumbuka ulitukalisha baada ya bata wa kaka kumaliza miche yangu ya maharage, naye akasema mbele yako kwamba hawakula, walionja tu. Ukaamua tuweke uzio wa nguzo za chuma mpakani, kila mtu abaki upande wake. Nilikubali kwa moyo mmoja, na kwa miezi minane hatukupeana hata salamu. Sasa nimeanza kuziweka nguzo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Uligawa vifaa vya baba vibaya. Mimi ulinipa bomba la kugongea, lile zito lenye mishikio miwili, lililozibwa juu. Unaivisha nguzo, unalinyanyua, unalishusha kwa nguvu, hivyo hivyo mpaka nguzo izame ardhini. Kaka ukampa pimamaji, yenye kile kitone cha hewa kinachosema kama nguzo imesimama wima. Yaani mimi nitwange, yeye ajue.

2. Nguzo ya kwanza niliisimamisha kwa macho. Kaka ni fundi nguo, hawezi kuona pindo limekwenda upande akanyamaza. Alitoka na futi yake shingoni, akainamisha kichwa, akaitazama nguzo yangu, akacheka. Neno hakusema, maana hatusemezani. Niliing'oa kwa hasira.

3. Ya pili alikuja mwenyewe na pimamaji, akaibandika kwenye nguzo, akawa ananielekeza kwa kidole: huku, rudi, huku. Kufikia nguzo ya sita kidole kilichoka, akaanza kusema. Kufikia ya kumi alikuwa ananisimulia jinsi baba alivyolinyanyua bomba hili hili kupita kiasi, likachomoka kwenye nguzo na kumwangukia kichwani, naye akamwambia mama amegongwa na mlango. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Huo ni uchokozi. (Alilia pia.)

4. Kwa kuwa pimamaji hushikwa upande wangu, kaka ameshinda shambani kwangu siku kumi na moja mfululizo. Kabla ya uzio huu wa kumzuia, hakuwa amekanyaga kwangu tangu ugomvi uanze. Chai anakunywa kwangu, na sukari anaimaliza. (Vijiko viwili tu.) Bata nao wanamfuata.

5. Kwa hiyo naomba kibali cha kuweka uzio wa pili, wa kumzuia kaka asiufikie uzio wa kwanza. Uzio huo nao utahitaji pimamaji, hivyo tafadhali mwamuru aje kila asubuhi bila kuchelewa, azuiwe ipasavyo.

Naomba ujibu haraka, Shangazi. Imebaki nguzo moja. Ikishasimama, kaka atarudi upande wake kama ulivyoagiza, na sijui nitamweleza nani mambo ya siku nzima.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na yule jirani yako anayependa kusomewa barua za watu.

Ni mimi mwanao wa pili, mkulima, mwenye malalamiko.

Tanbihi: Usishangae mwandiko. Viganja vyangu vimejaa malengelenge kwa ajili ya bomba, kalamu haishikiki, kwa hiyo mimi nimesema na kaka ndiye aliyeandika. Nimemkataza asiongeze yake. (Sijaongeza.) Kuhusu nguzo ya mwisho, tuliisimamisha leo mchana. Ilinyooka kabisa, kitone kikakaa katikati, tukaitazama wote wawili kwa muda mrefu. Kaka akasema imepinda kidogo. Nami nikaona kweli, imepinda. Tumeing'oa, kesho tunaanza upya.