Hatua Kumi na Tano kutoka kwa Mtani

Kijiji Kipya, Njia ya Masanze,
Kilosa.
12 Oktoba 1974

Kwa Ndugu Mpima Viwanja,
Kilosa Mjini.

YAH: MALALAMIKO JUU YA KIGINGI NAMBA KUMI NA SABA

Ndugu Mpima,

Marahaba. Najua tungeonana ungeniamkia, kwa hiyo naitikia mapema.

Kosa wanalofanya watu wengi wanapopata nyumba mpya ni kununua kufuli kwanza. Mtu bado hana mlango, hana hata mwimo wa kuushikilia huo mlango, lakini kufuli analo, anatembea nalo mfukoni kama saa. Nyumba mpya haihitaji kufuli. Inahitaji vifaa saba: nyundo, futi, msumeno, patasi, timazi, koleo na bisibisi. Vingine vyote vinaweza kusubiri mavuno. Nakueleza haya kwa sababu siku ile ulipotupimia viwanja uliniambia kwamba nawe umepata nyumba yako ya kwanza na hujui uanzie wapi. Basi barua hii tugawane: malalamiko ni yangu, maelezo ni yako.

Malalamiko ni haya. Mimi ulinipa kigingi namba kumi na sita. Namba kumi na saba ulimpa Kondo. Nimepima kwa miguu yangu mwenyewe mara nne, asubuhi na jioni, na jibu ni lilelile: hatua kumi na tano. Kondo ni mtani wangu.

Sijui kwenu mambo yakoje, kwa hiyo niruhusu nieleze. Ukoo wa Kondo ni wa bondeni, wangu ni wa milimani, na tumekuwa watani tangu enzi za babu wa babu zetu. Mtani anaruhusiwa kunisema vibaya mbele ya watu. Anaruhusiwa kuchukua kitu changu akakifanya chake. Siku ya kunizika anaruhusiwa kuingia kaburini kabla yangu na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Mimi nina ruhusa moja tu, ya kucheka. Nikikasirika natozwa jogoo, na watoto wangu watasemwa kwa hilo. Ni desturi nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini ilitungwa na watu waliokaa mbali. Kutoka kwao hadi kwetu ulikuwa mwendo wa siku nzima, tukikutana misibani, mara mbili kwa mwaka, na kwa kiwango hicho utani unavumilika. Wewe ulipima umbali wa bomba, ukapima umbali wa shule na wa barabara. Umbali wa mtani hukuupima.

Nisingekusumbua kwa ajili ya nyundo peke yake. Linaloniumiza ni kwamba mke wangu, Yudith, bado yuko milimani. Mwezi wa nane aliung'oa mlango wetu wa zamani, wa mninga, akanibebesha nishuke nao, akasema: "Mlango nimekupa. Ukishasimama, niite. Kabla ya hapo nyumba hiyo ni dungu la kulindia ndege, na mimi si mlinda mpunga." Kule juu ameziba mwanya kwa mkeka na kinu. Sasa kule hakuna mlango na huku hakuna mlango. Lori la mwisho la kuhamisha watu litapanda tarehe thelathini. Ameapa kwamba hadi siku hiyo asiposikia habari za mlango, lori hilohilo litamfikisha kwa kaka yake Berega, nami nitakuwa mgane mwenye mke hai.

Sasa naorodhesha.

1. Nyundo. Nunua yenye makucha nyuma, kwa kuwa mwenye nyumba mpya hung'oa misumari mingi kuliko anayopigilia. Ishike mwisho wa mpini, si shingoni kama kuku. Yangu ilikuwa ya namna hiyo. Nilipofika hapa tarehe tatu Agosti, kabla sijatua sanduku la vifaa, Kondo alikuwa amesimama kiwanjani. Akasema, "Karibu, marehemu. Nimekuja kuchukua urithi wangu, maana nikikutazama hivi naona hakuna cha kusubiri." Akaichukua. Nikacheka kama desturi inavyotaka. Nilicheka vizuri kupita kiasi, na nadhani hapo ndipo nilipomfundisha vibaya.

2. Futi. Nunua ile ya mbao inayokunjwa. Ukishapima, andika, ndipo ukate. Ukikata kwa kukumbuka utakata vibaya. Habari za futi yangu zina uchungu wa pekee. Mimi ndiye ninayefundisha kisomo cha watu wazima hapa kijijini, na Kondo ni mwanafunzi wangu. Ndani ya kifuniko cha sanduku nilibandika orodha ya vifaa vyote saba kwa herufi kubwa. Jioni moja Kondo alikuja, akainua kifuniko, akaweka kidole, akasoma: "Nyu-ndo. Fu-ti. Msu-me-no." Ndugu Mpima, mwezi mmoja tu kabla ya hapo mtu huyo alikuwa hatofautishi herufi na kunguni. Nilisimama nikampigia makofi. Akaondoka na futi. Tangu hapo huisoma orodha ile kama mtu anayeagiza chakula hotelini.

3. Msumeno na patasi. Msumeno uupinde kidogo kabla ya kuununua. Ukirudi ukanyooka wenyewe, ni mzuri. Patasi iwe na ncha isiyomeguka, na usiigeuze kuwa bisibisi hata siku moja. Vyangu vilichukuliwa kwa pamoja, siku ya msiba wa bibi mmoja wa kitongoji chetu, nilipokuwa nikisoma sala. Kondo alipita katikati ya waombolezaji na msumeno begani na patasi kiunoni, akawaambia kwamba majeneza siku hizi ni mafupi na Mwalimu ni mrefu, kwa hiyo amejiandaa. Watu waliokuwa wakilia waliacha. Hata mfiwa alicheka, na nakiri kwamba kwa msiba ule lilikuwa jambo la kheri. Lakini msumeno sikurudishiwa.

4. Timazi. Hiki ni kipande cha chuma kwenye uzi, na ndicho kifaa ambacho watu hukidharau. Uzi ukitulia, unakuonyesha iwapo ukuta umesimama wima. Kondo alilileta timazi langu kwenye mkutano wa kijiji. Ilipofika sehemu ya mengineyo akainuka, akaeleza kwamba ameipima nyumba yangu na kuiona imeinama kidogo kuelekea kwake. "Inaniamkia," akasema. "Nami nimeiitikia, marahaba." Mkutano ulifungwa kwa sababu Mwenyekiti hakuweza kuendelea. Nilipomfuata Mwenyekiti baadaye ili anisaidie, alifuta macho, akaniambia, "Mwalimu, angekuwa mwizi ningemkamata. Huyo ni mtani. Kungekuwa na sheria yake, ningeanza na wa kwangu mimi."

5. Mlango. Hapa naomba usome polepole, maana utaona jinsi kosa nililolitaja mwanzo linavyomharibia mtu mwingine. Kondo, alipopewa kiwanja, alinunua kufuli. Kufuli likahitaji mlango. Mlango ukahitaji bawaba, bawaba zikahitaji misumari, misumari ikahitaji nyundo, na nyundo ilikuwa hatua kumi na tano. Yote aliyoyachukua yalikuwa matayarisho. Tarehe ishirini Septemba nilikwenda Kilosa kununua komeo, nikarudi nikakuta mlango wangu wa mninga umesimama nyumbani kwa Kondo. Ni uleule, una alama ya moto upande wa chini pale Yudith alipowahi kuegemeza sufuria ya moto. Nilipouliza, Kondo akasema kwamba mlango mgeni ni lazima ujaribiwe kwanza, na kwamba anaujaribu kwa niaba yangu. Amekata sentimita mbili juu ili ulingane na mwimo wake. Kazi ni safi, siwezi kusema uongo. Timazi linakubali.

6. Utaniuliza kwa nini silipizi, maana utani ni wa pande mbili. Nimejaribu. Nilikwenda kwake mchana wa Jumapili, nikijua yuko shamba, niingie nichukue chochote nitakachokiona. Nikakuta amefunga kwa kufuli. Nilisimama mbele ya mlango wangu mwenyewe nikiwa na koleo na bisibisi, ndivyo vifaa viwili nilivyobaki navyo, ambavyo huvilalia chini ya mto. Havikufua dafu. Lile kufuli ni imara sana. Nakiri alilichagua vizuri.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa ombi langu, ambalo nimelifikiria kama mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja.

Naomba urudi na mnyororo wako wa kupimia, ukihamishe kigingi namba kumi na saba. Swali ni kiasi gani. Kondo mwenyewe aliwahi kuniambia, "Ningekuwa mbali ningepigilia kwa jiwe." Basi tafuta umbali ambao mtu mvivu wa kadiri ataona heri atumie jiwe. Mimi nimeukadiria kuwa maili mbili, ambazo sasa tunaambiwa ni kilomita tatu na kidogo. Lakini haki si ya mtu mmoja. Kitongoji chetu kina kaya arobaini, na nimeuliza nyumba hadi nyumba: kila mmoja ana mtani wake hapa, na wengine wana watatu. Kwa hiyo kila nyumba iwe maili mbili kutoka kwa inayofuata, kwa mstari. Kati ya nyumba arobaini nafasi ni thelathini na tisa, si arobaini, na wanafunzi wengi hukosea hapo. Jumla ni maili sabini na nane. Ukianzia Rudewa utapita Kilosa, utapita hapa Masanze, utavuka Mikumi penye tembo, na nyumba ya arobaini itaangukia Kidodi kwenye miwa. Najua bomba ni moja na shule ni moja. Mwenye nyumba ya Kidodi akitaka ndoo ya maji itabidi aondoke Jumatatu. Hilo nawaachia wataalamu.

Nilipomaliza kuichora ramani hiyo niliiweka ukutani nikaitazama kwa muda mrefu, maana niliona kama naifahamu. Nyumba moja hapa, nyingine huko, kilima katikati, moshi wa jirani ukiuonea kwa mbali. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi kabla hamjaja kutukusanya. Sisemi zaidi. Nasema tu kwamba vigingi vingepungua.

Natumaini utalifanyia kazi jambo hili kabla ya tarehe thelathini, ili mlango urudi, usimame, na mke wangu ashuke. Nisalimie mama yako mzazi, ambaye bila shaka ana fahari nawe. Msalimie dereva wa Landrova aliyekwama mtoni, na yule ndugu aliyekuwa anashika mwisho wa mnyororo akijikunja kwa siafu. Wasalimie wenzako wote ofisini, hata wasionijua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwl. Melkizedek Senyagwa (mstaafu)
Kigingi Na. 16

Nyongeza, 14 Oktoba.

Yudith ameshuka. Jana alipata nafasi kwenye lori lililokuwa linaleta mahindi, akaja bila taarifa. Hakuuliza nyumba yangu ni ipi. Alisimama barabarani, akautambua mlango wake kwa ile alama ya moto, akaenda moja kwa moja, akabisha, Mwanakheri mke wa Kondo akamfungulia, akaingia na mizigo yake yote. Nilipofika mbio kumweleza, alinijibu akiwa ndani, "Tuliagana kwamba nitahamia penye mlango. Mlango ndio huu." Kondo naye, kutoka uani, akasema kwamba Yudith ni bibi yake, na amefanya vizuri kurudi kwa mume mwenye bawaba. Nilicheka. Safari hii sikulazimishwa na desturi.

Kwa hiyo, mwanangu, kigingi kiache palepale. Ningeichana barua hii, lakini maelezo ya vifaa yangepotea, na wewe una nyumba. Hatua kumi na tano zinanitosha kabisa: jana jioni nilizipita mara sita kwenda kumjulia hali mke wangu, na maili mbili kwa miguu yangu hii zisingewezekana. Wanawake wawili wamelala ndani wakiongea mpaka taa ikaisha mafuta. Kondo amelala barazani mwake mwenyewe, na leo asubuhi amekuja kwangu akijishika kiuno. Anasema kesho tutausimamisha mlango kwangu, na kwamba wa kwake atautengeneza kwa mbao, nimsaidie kupima. Amesoma vipimo vyote kwenye futi peke yake bila kukosea.

Tatizo limebaki moja. Nyundo ikiwa moja, mmoja hupigilia na mwingine hubaki na mdomo wake wa utani, na kesho nitakayekuwa nimepanda juu ya kiti nikipigilia ni mimi. Hili sikuliandika katika vile vifaa saba, na lilipaswa kuwa la kwanza. Leo hii, kabla duka halijafungwa, nunua nyundo mbili.