Boga la Mama Mkwe na Gagulo la Mke Wangu

Nyie wa kwenye bao, tulizeni kete! Na wewe mwenye ndoo, itue chini, maji hayakimbii. Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mpaka kivuli changu kimekataa kunifuata.

Mnalijua boga la marehemu mama mkwe wangu. Tamu hilo! Likichemshwa hapa Sepuka, mbwa wa Shelui anajilamba. (Haya basi, mbwa wa hapo barabarani.) Mke wangu, Mama Neema, aliolewa akaja na mbegu za mama yake kwenye kibuyu, akazitunza miaka yote. Msimu uliopita ukame ukatunyoosha, zikabaki mbegu tatu. Mbili zikaozea ardhini. Moja ikaota. Moja, jamani! Na mama mwenyewe ndiyo tumeshamzika. Kila asubuhi mke wangu anausalimia ule mche kabla hajanisalimia mimi.

Sasa tangu serikali ifungulie biashara huria, maduka yamejaa mbegu za kopo. Jirani yangu Saidi kapanda maboga ya kopo shamba zima. Makubwa kama trekta, ukipika ni maji matupu! Bwana shamba akanionya: "Nyuki wakitoka kwa Saidi wakaingia kwako, mbegu utakayovuna siyo ya mama mkwe tena. Maua yako yafunge jioni kabla hayajachanua. Asubuhi chukua ua dume, lipake ua jike vumbi lake kwa mkono wako, ulifunike tena."

Jana jioni nikaenda. Ua dume nikalifunga uzi. Ua jike likataka kitambaa, na kitambaa sina. Nikatupa jicho kwenye kamba ya nguo. Gagulo la mke wangu! La mtumba, jeupe, lina lesi, lile la kuvaa ndani ya gauni la kanisani. Nikachomeka vijiti, nikalifunika ua kama chandarua.

Leo jua halijatoka, niko magotini katikati ya mtama, ulipo ule mche. Ua dume mkononi, na woga wangu (mimi hata ng'ombe akizaa nazimia). Nikaanza kulibembeleza lile jike:

"Tulia, mrembo wangu. Usiogope. Nakufunua kidogo tu, Mama Neema bado amelala."

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Kugeuka, baba mkwe! Kashuka kwenye lori alfajiri, kakatisha shambani aje kumwona binti yake. Anaona nini? Makalio ya mkwewe, mtama unatikisika, gagulo linapepea. Fimbo iko juu.

"Shikamoo, baba!"

Marahaba haikuja.

"Huyo mwanamke atoke!"

"Baba, hakuna mwanamke. Ni ua."

"Ua linavaa gagulo?"

(Neno hilo, mkwe kumtamkia mkwe! Nilitamani niwe panya, na shimo niwe nalo tayari.)

Mke wangu akaja mbio na mwiko mkononi.

"Baba, kuna nini?"

"Mumeo nimemfumania!"

Akachungulia. "We Baba Neema! Si gagulo langu hilo?"

 Nikasema: "Ni mbegu ya mama. Imebaki hii moja. Nimeogopa ikichanganyika na ya Saidi, utapika siku moja uonje, umkose mama."

 

Mzee akashusha fimbo. Akachuchumaa taratibu, magoti yanalia, akakigusa kile kiboga chini ya ua, kidogo kama kidole gumba.

"Ndilo lenyewe hili?"

"Ndilo, baba."

Mke wangu macho yamejaa machozi, mwiko umemponyoka. Mzee akanyoosha mkono.

"Nionyeshe."

Tukalipaka pamoja, mkono wake juu ya wangu, polepole, kama tunampaka mtoto mafuta. Mama Neema akalifunika ua kwa gagulo yeye mwenyewe, akalivuta lesi likakaa vizuri, kama anaenda nalo kanisani.

Nikajua nimepona. Nikajikung'uta magoti, nikamwambia mzee karibu nyumbani, uji uko tayari. Hasogei. Kaegemea fimbo, analitazama lile ua, kisha ananikazia macho.

"Mkwe, binti yangu wa kwanza ulimtolea mahari. Huyu wa pili unamwoza kimyakimya kwenye mtama? Mbuzi wangu yuko wapi?"