Jemu ya Fundi Bomba

Jumapili, 2 Juni

Binti yangu amekuja, amefungua friji, ameifunga. Hakusema kitu. Kimya cha aina hiyo kwa mama yake kilikuwa wingu. Ukikiona, anua nguo. Mvua ikaja. Baba, friji ina kitunguu kimoja na betri za redio! Nikamweleza kwamba betri hudumu zaidi zikikaa kwenye baridi. Akasema hakuuliza habari za betri.

Balaa lenyewe: Jumapili ijayo anakuja na mkwe wangu na gari la mizigo. Nahamishiwa kwao. Kitanda tayari, kile cha ghorofa mbili, chumbani kwa wajukuu. Mimi chini. Juu analala mjukuu ambaye bado anakojoa.

Nikasema najiweza. Akasema anayejiweza ni Mwalimu.

Mwalimu! Jirani wa mlango wa pili, mwalimu wa hesabu mstaafu, mgane kama mimi. Asubuhi kamvizia binti yangu kwenye ngazi akampa chupa ya karanga za asali alizokaanga mwenyewe. Juu kafunika kitambaa cha maua, kafunga na ribini. Ribini! Mtu aliyekuwa akifuta ubao kwa kiwiko.

Sitaki kuhama. Aproni ya mke wangu bado imening'inia nyuma ya mlango wa jiko, na kila asubuhi nikipita hunigusa bega. Kwa binti yangu milango yote ni mipya, hainijui.

Nimepata wazo. Limekuja lenyewe, nikiwa naosha kikombe.


Jumatatu, 3 Juni

Mpango: jemu ya nanasi. Nitaipika, nitaitia kwenye chupa, nitawagawia majirani zawadi. Nao, kwa shukrani, watampigia binti yangu simu wamweleze baba yake anavyopika. Mashahidi! Nani ataamini friji mbele ya mashahidi?

Chupa si tatizo. Nimeinama chini ya sinki nikakuta za marehemu zote, za mdomo mpana, zinang'aa. Hakuwahi kutupa chupa yule mwanamke. Alikaa kwenye kigoda akizilowesha maji ya moto kubandua karatasi, huku anaimba wimbo wake mmoja, akikosea palepale kila siku. Nilikuwa namtania kwamba nimemwoa yeye, sikuuoa wimbo. Leo nimejaribu kuuimba. Nimekosea palepale.

Tatizo ni sukari. Tangu daktari anionye, mwenye duka la chini amekuwa jasusi wa binti yangu. Nikinunua kijiko, simu inapigwa. Nimenunua mananasi, akaniuliza, mzee wangu, na sukari ya nini tena? Nikasema ya wageni. Wageni gani? Nikajifanya hamnazo, nikasifu rangi mpya ya rafu zake. Nikatoka na nusu ya sukari niliyoitaka. Nusu si haba.


Jumanne, 4 Juni

Nimepika!

Mke wangu alitia sukari sawa na nanasi. Nusu yangu nilipoifikisha sufuriani ilikuwa imeshapungua, kwa kuwa mpishi makini huonja vitu vyake kwanza. Daktari hakuwepo.

Kujua kama jemu imeiva, marehemu alidondosha tone kwenye kisahani kilichotoka kwenye friji, akalisukuma kwa kidole. Likijikunja, tayari. Nikadondosha. Halikujikunja. Nikalilamba. Nikadondosha jingine. Nalo halikujikunja, nikalilamba. Tuliendelea hivyo, mimi na matone, mpaka nikaona nisipoipua haitabaki jemu ya kumpa mtu.

Mama Mapazia wa chini, yule mshona mapazia, akapanda kuuliza mlangoni kama kuna kinachoungua. Nikamjibu kwamba hiyo ni harufu ya ufundi. Akasema, haya fundi, ufundi ukianza kutoa moshi nipigie kelele.

Ila kwenye vifuniko ndipo nilipompita hata marehemu. Yeye alikaza kwa mkono na sala. Mimi nimezungusha ule utepe mweupe tunaozibia maungio ya mabomba, raundi kadhaa, kisha nikakaza kwa spana. Mpaka kifuniko kikalia. Maisha yangu yote ya kazi, hakuna ungio langu lililovuja.

Ribini sina. Nimefunga kipande cha waya wa shaba. Chupa inapendeza zaidi, tena ya kiume.


Jumatano, 5 Juni

Nimegawa. Mwalimu aliiinua chupa kwenye mwanga kama karatasi ya mtihani, akauliza uwiano wa sukari. Nikamwambia siri ya jiko. Wivu ulimtoka masikioni, niliuona.

Mama Mapazia akasema, fundi, mwanaume kunipikia! Akajifuta macho kwa pazia la mteja.

Ya tatu nimempa jasusi dukani. Amekubali kwa moyo mweupe. Nikamkumbusha kwamba namba ya binti yangu anayo.

Moja nimebaki nayo, kwa ajili ya Jumapili. Binti ataionja mwenyewe na gari la mizigo litarudi tupu.


Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Ushindi!

Mwalimu kanikuta kwenye ngazi: jemu tamu sana, uwiano mzuri, hongera. Mama Mapazia kaapa kwamba amebakiza kidogo tu, mkate umekwisha nyumbani kwa ajili yangu. Mwenye duka kasema watoto wake wamelamba chupa mpaka ikawa kama mpya. Na wote wamepiga simu!

Jioni binti yangu akapiga. Sauti imelainika kama siagi kwenye jua. Baba, nani kakufundisha? Nikasema mama yako. Akasema tutazungumza Jumapili. Hakusema tutapakia. Kasema tutazungumza! Nikacheza na ufagio sebuleni.

Chupa yangu ya rafuni kifuniko chake kimetuna kidogo. Nimekigonga kwa ukucha. Imeshiba, basi. Kitu kilichopikwa vizuri lazima kishibe.


Jumapili, 9 Juni

Naandika nimekaa kwenye ndoo. Viti vimelowa.

Walifika mapema, binti, mkwe, na gari. Binti alikuwa amebeba mkate. Akasema, haya baba, tuonje. Nikamletea chupa. Akazungusha kifuniko. Akampa mumewe. Mkwe ni mtu mwenye mabega, anabeba saruji kazini, akazungusha mpaka mshipa ukatoka kwenye paji la uso. Wapi! Binti akauliza, sasa hao majirani walifungua vipi? Nikasema wenzetu wana mikono.

Hapo hodi ikabishwa mlangoni.

Mwalimu. Kaficha kitu chini ya koti. Alipomwona binti yangu akataka kurudi, lakini nyuma yake alikuwa amesimama Mama Mapazia, na kitu chini ya kanga. Na nyuma ya Mama Mapazia, anapanda ngazi anahema, mwenye duka, hakuficha chochote, kashika chupa mbele yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota bomu. Mzee wangu, akasema, hiki kitu kinanung'unika.

Chupa zote tatu zimejaa. Hazijaguswa! Vifuniko vimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

Binti yangu akawatazama mmoja mmoja. Mwalimu, si ulisema uwiano mzuri? Mwalimu akasema aliuona kwa nje, kupitia kioo. Na wewe mama, mkate si uliisha? Mama Mapazia akasema mkate uliisha kweli, hakusema uliisha na nini. Mwenye duka akasema watoto walilamba chupa, na ndivyo ilivyokuwa, waliilamba, kwa nje, baada ya kushindwa kuifungua. Kwa nini mlidanganya? Wakatazamana. Mama Mapazia akasema kwa sauti ndogo kwamba hawataki nichukuliwe. Nani atawazibia mabomba? Mwalimu akaongeza, na nani atamfunga yeye mchezo wa dama siku za Alhamisi, japokuwa kwa kuiba.

Sijawahi kumwibia dama. Nikakimbilia spana.

Kosa. Miaka yote nawafokea wateja: kabla hujafungua bomba, punguza presha kwanza! Leo nikaifunga chupa ya Mwalimu kwenye taulo, nikaishika kwa magoti, nikazungusha.

Psssss! Kisha kishindo. Kifuniko kikapiga dari. Jemu ikakifuata. Ikashuka juu ya Mwalimu kuanzia kipara hadi miwani, ikabaki inamtiririka kwenye masharubu. Mwalimu akatoa ulimi, akaonja, akasema: uwiano, kwa kweli, si mbaya.

Binti yangu akacheka. Hakuwa amecheka tangu tulipomzika mama yake, si kicheko cha kweli. Leo alicheka mpaka akakaa sakafuni, miguu mbele, akipiga zulia kwa kiganja, na mwisho kile kikoromo kidogo cha mama yake puani. Mkwe akaniangalia. Naye alikisikia.

Tukazifungua zote. Haikuwa busara, lakini nani angetuzuia? Mama Mapazia alijifunika ndoo kichwani. Mwenye duka alishangilia kila kishindo kama bao. Tukala iliyobaki na mkate, ina ukali kidogo na inachezacheza ulimini. Mwenye duka alikula nyingi, akaanza kumwita mkwe wangu mkwe wake.

Walipoondoka binti yangu alipangusa ukuta na mimi nikashika kigoda. Akasema aliogopa kwamba nakaa humu peke yangu nasikiliza saa. Leo amekosa pa kuweka kikombe kwa wingi wa watu. Basi kaa, baba. Atakuja kila Jumamosi tupike pamoja, na friji ataijaza yeye. Lakini nimwahidi kitu kimoja: sitapika tena jemu.

Nikaahidi. Gari likaondoka tupu. Nililipungia mkono mpaka likakata kona.


Jumanne, 11 Juni

Nyumba inanata. Nina furaha.

Nimefikiri kwa utulivu. Niliahidi kuhusu jemu. Achari ya ndimu si jemu. Haina hata sukari, kwa hiyo jasusi hana kesi. Ndimu nimeshanunua, kapu zima, na nimemwambia mwenye duka ni za kikohozi. Jumamosi binti akija atakuta chupa zimepangwa mezani, zawadi ya mshangao, moja yake na nyingine za mashahidi wangu. Lazima watu wale washukuriwe.

Na kosa la Jumapili nimelichunguza kifundi, bila kujipendelea. Nimepanda ngazi nikaliangalia doa la darini kwa tochi. Nimekagua kila kifuniko. Jibu liko wazi, nashangaa sikuliona mapema.

Sikukaza vya kutosha.