Funza wa Bwawa la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Siku yangu imefika! Mama mkwe amechoka na malalamiko ya majirani: mabwawa yake ya samaki yananuka, mfereji umejaa ukijani. Bwawa moja kanipa mimi, la pili shemeji, kaka wa mke wangu, anayejiona profesa kwa sababu ana buti za mpira. Ambaye chakula chake hakitachafua maji, na samaki wakanenepa, atasimamia yote mawili. Nayataka! Nimechoka kuitwa mkwe wa kukaa bure.

Mpango: dagaa wa kusaga siwatumii tena. Nitafuga funza kwa maganda ya jikoni, niwakaushe, niwasage. Tena chakula kielee, kisizame kikaoza. Akili ni nywele. Upara wangu usiwadanganye.

Alhamisi, 6 Machi
Funza wametoroka ndoo. Wameonekana kabatini, ndani ya vikombe. Mke amesema nichague, yeye au funza. Nikaomba muda wa kufikiri. Kosa! Sasa nalala sebuleni. Na funza.

Jumamosi, 15 Machi
Chakula changu kinaelea! Shemeji anarusha kiganja kimoja, anasimama mpaka kiishe, ndipo aongeze. Mtu mzima! Mimi namwaga ndoo nzima, naenda kujilaza. Nikirudi, hakuna hata punje. Maji safi. Walafi hao! Nimeongeza ndoo ya pili. Hata bata wa mama mkwe wananifuata kila niendako. Wanyama wanajua mtu mwema.

Jumapili, 23 Machi
Ukaguzi. Mama mkwe aliyatazama maji yangu, akatabasamu. Kisha akavuta wavu. Samaki wangu: vichwa na mikia, katikati hakuna kitu. Hapo bata wakaja wakiyumba, wanene hata ukingo hawaupandi, wakanizunguka wakidai ndoo.

Mama mkwe akasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ila mimi hata funza wameshindwa kunifunza. Shemeji akacheka mpaka buti likamvuka. Mabwawa yote kapewa yeye.

Nimeumia, sitaki kusema uongo. Lakini kasoro nimeigundua: kilielea mno! Kesho natengeneza kipya, kizito, kizame moja kwa moja mpaka kwenye tope. Bata hawatakiona ng'o. Mama mkwe atanipigia magoti.

Ila maneno yake sijayaelewa. Funza wangenifunza vipi, na wote nimeshawasaga?