Dawa Yangu na Dawa ya Clémence

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Nimeamua. Simezi tena dawa ya wasiwasi kama kondoo anayelambishwa chumvi. Mimi Rosette, mwalimu wa jiografia, mwenye wasiwasi tangu ujana, nitafanya utafiti! Docteur Chrispin amenipa sertraline, kila asubuhi, pengine mwaka mzima au zaidi. Wiki ya pili sasa. Mdomo mkavu, tumbo linanguruma, moyo bado unapiga ngoma. Clémence, mke wa shemeji yangu Bruno, ana wasiwasi uleule, ila yeye anameza venlafaxine. Jana kwenye misa alikaa kama sanamu. Haivumiliki! Nikamuuliza dawa yake ina ubaya gani. Jasho, akasema, na akiisahau kichwa kinazunguka. Basi.

Lazima nijue ipi bora. Mwezi uliopita nilitoka darasani mbio katikati ya somo la volkano. Wanafunzi wakanifuata, wakidhani imelipuka. Haitatokea tena!

Jumatano, 4 Oktoba

Jaribio la kwanza. Nilimwalika Clémence kwa chai, hapa kwangu Ibanda, nikaangusha sinia nyuma ya kiti chake. Aligeuka polepole, akauliza kama nimeumia. Aliyepiga kelele ni mimi. Buli la harusi limevunjika. Venlafaxine moja, sertraline sifuri.

Ijumaa, 6 Oktoba

Kwa daktari. Nimedai venlafaxine. Halafu nikaomba na diazepam, ile anayoisifu jirani yangu kwamba inatuliza papo hapo. Docteur akavua miwani.

“Maman Rosette, ile ya mbio-mbio iko ya siku kidogo tu. Mwili ikishaizoea, kuiacha itakuwa shida. Hii yako inatumika pole pole, ungoje wiki ine ao sita. Na ile inamusaidia Clémence, pengine wewe haitakusaidia.”

Nisibadilishe wala kuacha dawa bila yeye, akaongeza. Nikaitikia kwa heshima. Akili ilikuwa mbali. Sinia ni kitu kidogo. Panahitajika kishindo cha kweli. Mama mkwe!

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimempigia Clémence simu. Nimemwambia Maman Georgette, mama mkwe wetu, anatoka Katana kuja kukaa kwake mwezi mzima. Uongo mtupu. Huyu ni mwanamke anayepitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi! Nikatega sikio. Clémence akasema ni baraka, atatandika kitanda. Hakuhema hata kidogo!

Jumapili, 8 Oktoba

Balaa! Clémence alimpigia Maman Georgette kumkaribisha. Mama hakuwa na habari, akauliza wazo ni la nani. La Rosette. Akalia kwa furaha: kumbe Rosette ananipenda hivi! Mchana alikuwa mlangoni. Mlangoni kwangu. Mabegi, viazi vitamu, kuku hai. Mume wangu Gentil akauliza nimefanya nini. Sayansi, nikamjibu.

Jumatano, 11 Oktoba

Kidole kimepita juu ya kila kabati. Ajabu, sijapiga kelele. Nimelala usingizi pia.

Jioni alikuja Clémence. Nikamwambia namwonea wivu utulivu wake. Akacheka vibaya.

“Utulivu gani? Nilikuwa naona sinia yako mu kioo ya dirisha, kabla haijaanguka! Na ile siku ya simu, nilijifungia mu douche, kule kwa kuoga, nikatetemeka mpaka Bruno akakuja kugonga mulango.”

Maman Georgette alikuwa jikoni. Akatoka mikono ikiwa na unga.

“Hata mie, batoto yangu. Moyo inakimbiaka tu. Docteur ya Katana iko ananipatia dawa. Nilizania niko peke yangu mu hii famille.”

Tukacheka, sote watatu, mpaka kuku akakimbilia uani. Clémence alilia kidogo. Mimi pia. Tulishikana mikono yenye unga.

Jumamosi, 14 Oktoba

Docteur Chrispin amefurahi. Usingizi umerudi, tumbo limetulia, tuendelee na dawa ileile. Amerudia: kila mtu na mwili wake, dawa za watu hazishindanishwi. Nimeelewa. Kabisa!

Dawa ya Maman Georgette inaitwa paroxetine. Mshindani wa tatu! Yuko sebuleni anasali rozari, uso mtulivu kama ziwa asubuhi. Nimeazima kengele ya shule. Nimesimama nyuma ya pazia, namngoja afike Amina.