Chuma Kinahurumiwa Kuliko Mimi

Ghalani, Sumbawanga
Juni 2025, mwaka wa pili tangu niondoke Kahama

Kwako Mhandisi Lydia,

Habari za kazi? Natumaini ni njema, kwa hiyo usinijibu.

Mimi ni Ndalahwa, mbeba magunia. Shule niliishia darasa la tano, lakini ulipomweleza msimamizi wetu Fabiani habari za mashine ya kukaushia mahindi, nilielewa. Ulisema kompyuta haiiulizi mashine kila mara, maana waya ni wa polepole. Rejista, yaani kisanduku cha namba ndani ya mashine, ikishajibu, jibu linawekewa nakala, na nakala zinapangwa kama mti unaosawazishwa, tawi moja lisirefuke kupita mengine, ili jibu lipatikane upesi. Mashine inaachwa ifanye kazi yake.

Nami naomba hivyo hivyo, kwa sababu hizi:

1. Kila asubuhi Fabiani ananiuliza nimeamkaje, mgongo je, na ng'ombe wangu wa Kahama ambao hajawahi kuwaona. Nasema "salama" tangu nifike. Aweke nakala.

2. Wafipa wa huku hawapiti mtu bila kumsalimu. Wapangwe kwenye mti: Fabiani juu, wapakiaji kushoto, akina mama wa kupepeta kulia, na akija mgeni matawi yasawazishwe. Mmoja akijua hali yangu, inatosha.

3. Padri ananiuliza dhambi. Ni zile zile.

4. Gunia la leo lina uzito wa la jana. Isomwe nakala ya jana, kwamba limebebwa, nami nibaki kitandani.

5. Mke wangu Rahel hupiga simu kila Jumapili kuuliza narudi lini. Namjibu "karibuni". Mtengenezee mti wake, jibu hilo likae juu kabisa, asihangaike.

Wasalimie mafundi wote, mumeo, na wazazi wako popote walipo.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye mgongo,
Ndalahwa

N.B. Jumapili hii Rahel hakupiga. Nimempigia shemeji yangu Maganga. Anasema mtoto akiuliza baba anarudi lini, Rahel anajibu mwenyewe, "karibuni", bila kugusa simu. Majirani wakiuliza hali yangu, anasema "salama". Nikamuuliza Maganga, na kama ningekuwa nimekufa? Akasema, "Shemeji, jibu lingekuwa hilo hilo."

Mhandisi, ulisema pia zipo rejista zinazobadilika zenyewe, ambazo hazifai kuwekewa nakala. Lazima mashine yenyewe iulizwe. Niweke huko. Ombi lote nimelifuta. Jumamosi napanda basi, na Jumapili Rahel ataniuliza mlangoni.